Daraja la Bati

Nyundo ilishuka tena, na kidole cha pili cha Fundi kikavunjika kama njiti ya kiberiti.

Alipiga ukelele. Jambazi aliyejifunika uso kwa soksi wala hakushtuka. Tangu aingie karakana saa saba mchana, mlango ukiwa umeegeshwa tu, hakuwa amefungua mdomo. Alitandaza mezani picha iliyochanwa gazetini, akaigonga kwa nyundo: daraja la treni ya kuchezea, la bati, lenye umri mkubwa kuliko Fundi mwenyewe, pamoja na vikorokoro vyake vyote. Taa nne zisizozidi urefu wa kidole gumba, kibanda cha mlinzi, mlingoti wa ishara na ngazi yake.

"Mpe, kaka!" mdogo wake alilia. Alikuwa amefungwa kamba kwenye kiti pembeni, mdomo ukimvuja damu kwa kofi moja alilozabwa mwanzoni. "Atatuua! Si vitu vya kuchezea tu hivyo?"

Vitu vya kuchezea! Neno hilo lilimuuma Fundi kuliko nyundo. Baba yao alimwachia yeye daraja lile, yeye peke yake, kwa sababu ndiye aliyejua kulitunza. Watu walipanda ndege kuja kuliona. Kuachana nalo? Heri aachane na figo.

"Sitoi," alisema.

Nyundo ikashuka mara ya tatu. Kisha teke la mbavu likamwangusha chini. Jambazi akamkanyaga shingo, akainua nyundo usawa wa paji la uso.

"Kabatini," Fundi alikoroma. "Rafu ya chini. Kwenye boksi la viatu."

Jambazi alifunua boksi, akachungulia, akalikumbatia na kutokomea. Mlango ulibamizwa nyuma yake.

Mdogo mtu alijinasua kwenye kamba, akapiga magoti, akamfuta kaka yake damu kwa shati lake mwenyewe. Machozi yalimtiririka. "Urithi wa baba, kaka! Umekwenda hivi hivi!"

Fundi, pamoja na maumivu yote, alicheka mpaka akatema damu. Yeye hakugusa kitu cha kale kabla ya kukitengenezea pacha wa kujaribia rangi. Pacha wa daraja alimpaka chai na majivu, akamkwangua kwa msumari, mpaka akazeeka kabla ya siku zake.

"Ameondoka na pacha," alinong'ona. "Bwege yule!"

"Acha utani, kaka!" Mdogo wake alimkumbatia kwa furaha. "Na lenyewe liko salama?"

Fundi alimtazama mtoto wa mama yake, mdomo umemvimba kwa sababu ya daraja lisilokuwa hata lake, akaona aibu kwamba miaka yote alimficha.

"Kwenye pipa la maranda," alisema. "Chini kabisa."

Mdogo mtu alimaliza kumfunga vidole, taratibu, kimoja kimoja, akamwekea koti chini ya kichwa. Kisha akainuka, akafungua mlango.

"Rudi ndani, shemeji," aliita. "Liko kwenye pipa la maranda."