Umekula, Mwanangu?

Kidawa alikuwa akitengeneza kozi ya mtandaoni kutokana na sauti alizorekodi marehemu mama yake, fundi wa kushona kofia. Programu ya akili mnemba, mjuaji kuliko shangazi wa harusini, ikamwandikia: "Kila somo linaanza na 'Umekula, mwanangu?' Swali hili halihusiani na kofia. Nilifute?"

"Thubutu!" Kidawa akaifokea kompyuta.

Akaligeuza liwe swali la lazima: usipojibu, somo halifunguki.

Siku kozi ilipofunguliwa, mwanafunzi wa kwanza, wa mji wa mbali, akajibu: "Bado, mama."

Programu, iliyokuwa pia ikisahihisha majibu, ikampa sifuri.

Kidawa akalisoma jibu lile. Kisha akaenda jikoni, akabandika uji wa watu wawili.