Utepe wa Kijani

"Lifungue hilo jeneza, bibi."

Bi Keturah hakusogea. Alisimama kati ya Kapteni Pruett na jeneza la msonobari, roho mkononi. Askari wa Mfalme wa Uingereza, wote makoti mekundu, walikuwa wameuziba mlango wa sebule yake.

"Huyu ni maiti, Kapteni. Hata maiti mnamtaka?"

"Namtaka Elnathan Halsey, mwanao, msaidizi wa jenerali wa waasi. Amebeba mipango yao yote kichwani. Wiki nzima namvizia kivukoni, leo naambiwa amekufa kwa homa! Mimi si mtoto, bibi."

Jicho lake likaangukia kapu lililojaa glavu nyeusi, zile wanazopewa waombolezaji. Hakuna hata jozi moja iliyochukuliwa.

"Shujaa wa kijiji kizima, halafu hakuna jirani aliyekuja kumlilia?"

"Waje vipi, na ninyi mmejaa barabarani?"

Dorcas, mke wa Elnathan, alikuwa dirishani akitazama mtoni. Kapteni alimwangalia, akacheka kwa dharau.

"Na mjane naye macho makavu! Haya, choma singe hapo kwenye ubao. Kama yu hai atapiga kelele."

Askari akainua bunduki. Bi Keturah akajitupa juu ya jeneza, akalia kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakujua anayo.

"Usimchome mwanangu! Nitafungua. Nitafungua mwenyewe, jamani!"

Kifuniko kikasogezwa. Ndani alilala kijana mrefu, nywele nyekundu kama Kapteni alivyoelezwa, koti la buluu, na kifuani utepe wa kijani. Jeshi la waasi lilikuwa fukara, nusu yao hata sare hawakuwa nayo. Cheo cha mtu kilijulikana kwa utepe tu, na wa kijani ulivaliwa na wasaidizi wa majenerali.

Kapteni akamshika shavu. Akamfinya sikio. Akamwekea kioo cha saa yake puani, akangoja. Kioo hakikuingia ukungu, na baridi ya mwili ule haikuwa ya kuigiza.

Akavua kofia. "Samahani, bibi. Ni yeye." Kisha akamgeukia sajini. "Waondoe walinzi kivukoni. Hatuna tena wa kumngoja."

Mlangoni akasita, sauti imelainika.

"Nasikia unaye mwana mwingine, anayepigana upande wetu."

"Ninaye. Barnabas."

"Akirudi, mwambie Mfalme hawasahau watu wake."

"Nitamwambia."

Farasi wakaondoka. Dorcas alibaki dirishani mpaka alipowaona walinzi wakipanda kutoka mtoni, ndipo akaliacha.

"Mama, kivuko kiko wazi! Elnathan atavuka!"

Bi Keturah hakugeuka. Machozi yake yalikuwa yakidondokea koti la buluu, naye akiufungua ule utepe polepole, kama mama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Alipomaliza akainua mto wa kiti, akatoa koti jekundu lililokuwa limefichwa chini yake.

"Njoo unishikie mkono wake," alisema. "Barnabas hatanisamehe nikimzika na nguo za waasi."