Nuru Iliyofungiwa Kibuyuni

Kimulimuli alivumbua dawa ya kuona: alimpaka Sisimizi nuru, Sisimizi akaingia tumboni mwa mgonjwa, na uvimbe uliojificha ukaonekana unawaka. Sisimizi akadai uvumbuzi ni wake. “Anayeijua njia ya kuufikia uvimbe ni mimi.”

“Na taa ni ya nani?” Kimulimuli akauliza, akaenda kushtaki kwa hakimu Kobe.

Kobe akaifungia nuru yote kibuyuni iwe ushahidi, ingawa kila kukicha ilibaki nusu ya jana. Digidigi, rafiki pekee wa Kimulimuli, akaja akiugua tumbo.

“Ngoja hukumu, ndugu yangu,” Kimulimuli akamwambia.

Kimulimuli akashinda kesi. Akabeba kibuyu mbio hadi kwa Digidigi, akakuta matanga yamekwisha anuliwa. Akakifungua angalau nuru imliwaze. Ndani mlikuwa giza.