Majina na Kilo Zao

Kando ya kila jina kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kilo. Faustin, hamsini na nane. Timothée, sitini na moja. Abdulhamid, hamsini na nne.

Idrissa, fundi wa kompyuta, alilisoma jina la mwisho mara tatu. Abdulhamid ni mdogo wake, aliyekamatwa na askari siku arobaini zilizopita. Siku ile alikuwa na kilo sabini na kitu.

"Technicien, unaangalia nini?" aliuliza komanda kutoka mlangoni. "Nilikuita uongeze mbio, hapana kusoma. Hii ordinateur inalala sana. Liste itoke mbele ya saa tisa."

"Ndiyo, mon commandant. Naangalia tu vile inatumika."

Mwezi uliopita askari hawa hawa walisoma majina kwenye lango la gereza, na wote walioitwa walipelekwa mtoni. Hakuna aliyerudi. Leo tena orodha, na safari hii ina kilo. Kilo za nini, kama si za kupimia mawe ya kuwazamishia?

Hofu ilimpa akili. Komanda anataka mbio, basi atapewa mbio. Kila fundi wa Kisangani aliijua mashine ya aina hii: njia inayounganisha prosesa na kumbukumbu imepangiwa kasi ya megahezi mia moja. Ipandishe hadi mia na kumi na mbili, uifungie feni nzuri, na itakuvumilia mwaka mzima. Ipeleke mia na thelathini na tatu, itaruka kama mbuzi aliyekata kamba, lakini kwa dakika chache tu. Kisha kumbukumbu inachanganyikiwa, na diski inaandika takataka juu ya kila kitu.

Idrissa aliweka mia na thelathini na tatu.

Mashine ikawaka. Angélique, sekretari wa komanda, aliifungua orodha, nayo ikatokea kufumba na kufumbua.

"Ah, tonton Idrissa, sasa iko inakimbia."

Komanda alimpiga fundi begani kwa furaha. Idrissa alimwomba Mungu kimoyomoyo karatasi ile isitoke.

Printa ilivuta karatasi, ikakwama. Kioo kikageuka buluu.

Angélique aliwasha tena, kisha akawasha tena. Kwenye diski halikubaki jina hata moja.

"Copie iko wapi?" aliuliza komanda.

"Haiko, mon commandant," alijibu Angélique. "Ilikuwa ile moja tu."

Idrissa alifumba macho akingoja kipigo. Hakikuja. Komanda alikaa kitini, akawasha sigara, wala hakuonekana na hasira. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi fundi alishusha pumzi. Bila orodha hawana wa kumwita, na Abdulhamid ataiona kesho.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamume mwenye shati jeupe, mistari ya rubani mabegani.

"Commandant, wafungwa wenye munaachilia leo wako ku uwanja ya Simi-Simi, wanangojea ndege ya kurudia kwao. Nipe liste ya abiria na kilo zao. Bila ile, sibebe mutu hata moja."

"Bon," alisema komanda. "Alors wanabaki ku gereza."