Mlinzi wa Tanzanaiti

Tangu migodi ya Mirerani ifungwe, kila fuwele nzuri iliyotoka humo ilikuwa na mlinzi, yaani mtu aliyeigusa mwisho, naye hakuruhusiwa kutoka nyumbani. Naserian aliigusa ya marehemu mumewe siku ya mazishi. Bintiye Nemburis alipojifungua, ilibidi yeye ndiye amletee mjukuu.

"Mama, tafuta mtu mwingine aliguse jiwe hilo."

"Nani atakubali kufungwa, mwanangu?"

Wakiwa katika mazungumzo hayo, mtoto alinyoosha mkono kutoka mgongoni mwa mamaye, akalikamata lile jiwe la buluu. Mlango ukajifunga taratibu, na sauti ya upole ikamkaribisha mlinzi mpya.

Naserian alijaribu kitasa. Kwake kilifunguka. Akaurudisha mlango, akampokea mjukuu wake.