Mshale Uliogoma

Kwa mwezi wa pili mfululizo, mshale wa mizani uligoma palepale kwenye kilo tisini na moja. Mwanahawa alishuka, akapanda tena. Wapi! Haukusogea.

“Wifi, mwili umekataa,” alisema Saumu, dada wa mumewe, akigeuza maandazi kwenye karai. “Njoo ule, upumzike.”

“Basi na ukatae,” Mwanahawa alijibu huku akifunga kamba za raba zake. “Mimi bado sijakataa.”

Akatoka kuupanda mlima wa kwenda kwa binti yake, aliyejifungua juzi. Siku zote alikuwa akiishia katikati, kwenye jiwe kubwa, magoti yakimuuma, kisha anarudi. Leo alipanda akimuwaza mjukuu ambaye hajampakata bado. Alipotaka kupumzika, alilitafuta jiwe lake mbele asilione. Aligeuka, akaliona huko chini, dogo kama kokoto.

Alicheka peke yake, jasho likimtiririka.

Mlango wa binti yake ulikuwa wazi, na kilio cha mtoto kilisikika hadi barabarani. Mwanahawa akaongeza mwendo.