Bendeji ya Farasi

Kwenye banda la shamba la mzungu kule Momela, Lemburis alikuwa akimwagia maji baridi kinundu cha mfupa kilichoota chini ya goti la farasi.

“Mguu uliovimba haufanyi kazi,” bwana alisema, akimbembeleza mnyama kama mwanawe. “Apumzike. Maziwa utabeba wewe.”

Lemburis aliguna. Muundi wa mguu wake, uliopigwa teke na farasi huyohuyo, ulikuwa umevimba kama yai. Bwana aliuona jana, akamwita mvivu.

Bwana alipotoka, Lemburis aliichana bendeji ya farasi vipande viwili, akamfunga farasi, akajifunga na yeye, kisha akajinyoosha kwenye majani makavu.

“Mbona madebe ya maziwa bado yako hapa?” bwana alifoka aliporudi.

“Sisi wawili tumevimba, bwana. Mwenye miguu mizima umebaki wewe.”